Una siku mbili Roma na listi ya sehemu 19? Keti kwanza

Juzi usiku, nikiwa nafunga hesabu za duka, uliingia ujumbe kutoka kwa msomaji. "Dada shikamoo. Mwezi ujao nitakuwa Roma siku mbili. Nimeandaa listi ya sehemu 19, naomba uniambie nianze na ipi ili zote ziishe."

Marahaba, mdogo wangu. Listi yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili kicheko kikakata, maana niliitambua: ni listi yangu mimi, ya mwaka 2016, imebadilishwa mwandiko tu. Mara ya tatu nilikuwa nimeshaanza kuandika haya, na hesabu za duka zikalala hivyohivyo.

Nyie mnaonisoma hapa nawajua. Una kibubu mahali ambacho hata mumeo hakijui. Una pasipoti yenye mihuri miwili, na kuna jiji moja umelibeba moyoni tangu kitabu cha historia cha sekondari. Langu lilikuwa Roma. Mwalimu wetu alichora Colosseum, ule uwanja wa michezo wa Warumi wa kale, ubaoni kwa chaki, ikafanana na keki iliyoliwa upande mmoja, nikasema siku moja nitakwenda kuiona hiyo keki.

Mwaka 2016 mchezo ukanitokea. Tulikuwa wanawake ishirini wa sokoni, kila mwezi anachukua mmoja, na zamu yangu ilipofika sikununua friji kama wenzangu. Nikalipia safari ya kundi: miji sita ya Ulaya kwa siku tisa. Wakala aliyeipanga simtaji, maana alitimiza alichoahidi. Aliahidi miji sita, tukapelekwa miji sita. Kosa lilikuwa langu, niliyehesabu miji kama ninavyohesabu mifuko ya saruji ikishushwa.

Roma tulifika asubuhi ya Julai, jua la kutosha kukaangia samaki. Basi likatushusha karibu na Colosseum, kiongozi akainua kibendera chake akasema, "Dakika ishirini na tano za picha." Picha, hakusema kuingia. Nilipiga 61. Tukakimbizwa kwenye chemchemi ya Trevi, nikatupa sarafu, sikusikia hata ilipoangukia kwa zile kelele. Tukapita nje ya Pantheon, hekalu lao la kale, huku kibendera kikienda mbele yetu. Jioni tulikuwa Firenze tunakula tambi za baridi. Dar nikarudi nikiwa mtu aliyeiona Roma, na picha moja ya Colosseum nikaiweka kwenye wasifu wa simu karibu mwaka mzima.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Usiku wa hina wa mdogo wake mume wangu, wanawake tumejaa ukumbini, mada ikageukia safari. Mimi ndiye nimetembea, nikawa nasimulia huku mkono wangu wa kushoto ukikauka hina. Wifi yangu, ambaye hajavuka Chalinze, akaniuliza kwa upole kabisa, "Wifi, ndani ya lile jengo kuna nini?"

Nikasema, "Viti."

"Viti gani?"

"Vya... vya mawe. Na uwanja katikati, wa mchanga."

Akafungua simu yake, akaigeuzia watu. "Mbona hapa naona uwanja haupo? Sakafu haipo, ni mashimo na kuta za chini, walikokuwa wakiwafungia simba."

Ukumbi ulicheka. Hata bibi harusi alicheka, na alikuwa amekatazwa kucheka mpaka rangi ikauke. Nikacheka nami, ningefanyaje. Ila nikwambie kweli, kile kicheko bado nakisikia. Nimeolewa katika ukoo ule miaka kumi na minane na kuna watu mpaka leo nikipita wananong'ona, "viti."

Ilinichukua miaka minane kurudi. Habari za viza, barua ya benki na bima nimeshaandika mara tatu, tuziruke. Nilikwenda Novemba 2024, peke yangu, siku sita, Roma tu. Watu wakaniuliza, siku sita jiji moja? Ndiyo. Na sikulimaliza.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza, mdogo wangu: chagua sehemu tatu. Zile kumi na sita nyingine zifute. Najua inauma, umeziandika kwa wino wa rangi.

Wa pili: tiketi ya Colosseum kata mapema kwa mtandao, na jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, kwa sababu siku hizi tiketi ina jina na mlangoni wanakagua. Nililipa euro 18, na tiketi hiyohiyo inakuingiza Forum, ule uwanja wa mji wa kale, na mlima wa Palatine. Ina saa yake ya kuingia. Yangu ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, na hapo ndipo nilipokaribia kuaibika mara ya pili.

Nilipanda basi nikiwa na tiketi yangu ya euro 1.50 mkononi, mwanamke mwaminifu. Sikujua kwamba kuwa nayo haitoshi. Ukishapanda lazima uitie kwenye mashine ndogo ndani ya basi igongwe muhuri wa saa, ndipo dakika zako 100 zinaanza. Vituo viwili baadaye wakapanda wakaguzi. Nikawaonyesha tiketi yangu safi, wakaitazama kama mimi ninavyoitazama noti ya bandia. Zaidi ya euro 50 zikaondoka, palepale, mbele ya watu. Sikumlaumu mtu, kibandiko cha maelezo kilikuwa juu ya kichwa changu. Nikashuka nikakimbia. Nina miaka arobaini na minne na kilo zangu za kutosha, nikakimbia kwenye mawe ya barabara ya Warumi nikishika ushungi kwa mkono mmoja na pasipoti kwa mwingine. Vaa raba. Viatu vyenye kisigino waachie wanaopanda teksi.

Nikaingia. Na nikaiona. Sakafu haipo!

Kipande kidogo cha sakafu wamekijenga upya upande mmoja uelewe ilivyokuwa, lakini sehemu kubwa iko wazi, na chini unaona kuta zimepangana kama vichochoro vya Kariakoo. Vyumba, njia, mahali pa mashine za kamba zilizozungushwa na watumwa kuwanyanyua wanyama hadi juu, mlango unafunguka sakafuni, simba anatokea katikati ya uwanja kama ameota. Kazi ya jengo ilianzishwa na mfalme Vespasian, mwanawe Titus akalizindua mwaka 80 kwa michezo ya siku mia moja, na mwandishi wa kale Cassius Dio anasema wanyama 9,000 waliuawa. Wengi walitoka Afrika Kaskazini.

Nilikaa mle zaidi ya saa mbili. Makundi yalikuja na vibendera vyao, yakapiga picha, yakaondoka, yakaja mengine. Na ndipo nikaanza kuona mambo ambayo simu ya wifi haina. Kuta zimejaa mashimo, kama zimepigwa risasi. Nikadhani vita. Kumbe mawe yale hayakuunganishwa kwa udongo wala saruji, yalishikwa kwa vyuma, na zama za kati watu wakaja kuvichomoa vyuma wakauze. Nina duka la vifaa vya ujenzi Mbagala, watu wa chuma chakavu nawafahamu kwa majina, na pale nilijihisi niko nyumbani. Tetemeko la mwaka 1349 likaangusha upande wa kusini, na mawe yaliyoanguka yakaenda kujenga makanisa na majumba ya wakubwa. Hakuna kilichopotea, kilihamishwa. Ndiyo maana keki imeliwa upande mmoja, mwalimu wangu hakukosea.

Juu ya matao ya nje kuna namba. Milango ya watazamaji ilikuwa 76 yenye namba zilizochongwa, mtu anakuja na tiketi yake ya kigae anatafuta mlango wake, kama sisi Uwanja wa Mkapa. Nyingine bado zinasomeka. Tafuta ya 54. Kwa namba za Kirumi shuleni tulifundishwa ni LIV, wao wamechonga LIIII. Nilifurahi mno. Hata wenye herufi zao hawakuwa wakifuata ile kanuni niliyochapwa viboko kwa ajili yake.

Nikamrekodia wifi sauti ya dakika nne. Mashimo, vyuma, LIIII, kila kitu. Nikaituma kabla sijabadili mawazo. Alinijibu kwa kidole gumba.

Haya. Nje ya geti, kijana mweusi mrefu akanijia akitabasamu na bangili za nyuzi mkononi. "Afrika! Dada! Hakuna matata!" Nikamjibu, "Matata yapo mdogo wangu, nimetoka kulipa faini." Akaganda. Kumbe ni Msenegali na Kiswahili chake chote ni hayo maneno tu, kayaokota hukohuko mjini ya kuwavutia watalii. Tukacheka sote wawili, na tukicheka tayari ameshanifunga bangili. Ni "zawadi", halafu inakuja bei. Nilimpa euro mbili, bangili ninayo. Wewe mikono yako iweke mfukoni, na usione haya kupita bila kujibu. Najua kwetu kumpita mtu anayekusalimu ni ukosefu wa adabu, na wao wanalijua hilo pia.

Forum ni mahali ambapo watu wengi wanachoka. Kusema kweli, ukiingia bila kujua kitu utaona uwanja wa mawe yaliyovunjika na jua. Mimi nilisoma kabla, wiki tatu, kila usiku baada ya kufunga duka, na hapo nakusihi ufanye hivyohivyo. Soma kuhusu mawe matatu tu. Usisome yote.

Langu la kwanza lilikuwa tao la Titus. Ndani yake wamechonga askari wanabeba kinara cha taa saba cha hekalu la Yerusalemu, mji walioubomoa mwaka 70. Ukitoka pale ukageuka unaliona Colosseum, na nyara za vita hivyo ndizo zilizolijenga. Risiti na bidhaa, zinatazamana.

La pili ni tao la Septimius Severus, la mwaka 203. Huyu ndiye niliyemfuata. Alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, akawa mfalme wa Roma mwaka 193. Wanasimulia katika kitabu kimoja cha kale kwamba lafudhi ya Afrika haikumtoka mpaka uzeeni, na kwamba dada yake alipokuja kumtembelea akiongea Kilatini cha kuchapia, mfalme aliona aibu akampa zawadi akamrudisha kwao. Nilimhurumia yule dada kuliko mtu mwingine yeyote katika mji ule. Kafunga safari yote ile kutoka Libya kuja kumwona kaka yake, amevaa vizuri bila shaka, amebeba vya kubeba, halafu anafungua mdomo na ukumbi unacheka. Juu ya tao kuna maandishi, na ukitazama mstari wa nne utaona matundu ya herufi za zamani chini ya maneno ya sasa. Palikuwa na jina la Geta, mwana mdogo. Baba alipofariki mwaka 211, kaka yake Caracalla alimuua mwaka huohuo, akaamuru jina lifutwe kila mahali. Limefutwa, na watu miaka 1,800 baadaye bado tunasimama chini tunasoma matundu yake.

La tatu sikulipanga. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi kando ya mabaki ya Basilica Julia, ukumbi wao wa mahakama, nakula ndizi, nikamsikia mama mmoja anawaeleza wanafunzi kwamba zama za kati palikuwa na matanuri ya chokaa pale. Walichukua marumaru, nguzo, sanamu za wafalme, wakazichoma zikawa chokaa ya kujengea.

Ndizi ilinishinda kumaliza. Babu yangu mzaa mama alikuwa mchoma chokaa, Kilwa. Nimekua nikimwona anapanga magogo duara, juu yake anarundika matumbawe, anawasha, moto unawaka usiku kucha na asubuhi jiwe limekuwa jeupe na jepesi, unalimwagia maji linachemka lenyewe na kupasuka. Marumaru na matumbawe ni ndugu, ukiyachoma yote mawili unapata kitu kilekile. Kwa hiyo palepale nilipokaa aliwahi kusimama mtu kama babu yangu, mikono imebabuka, kope zimejaa vumbi jeupe, anasukumia motoni kichwa cha mfalme na hajui wala hajali. Ana oda ya chokaa. Sikumchukia. Babu alitukataza kuokota hata kokoto kwenye magofu ya kisiwani, alisema ya waliotangulia hayachomwi, na nilidhani watu wote duniani wana babu wa namna ile.

Na niungame jambo. Nimepanda ndege mara mbili kwenda kuona magofu ya watu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na Husuni Kubwa, ambako msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, nilivukia mara moja tu, darasa la sita, na nilichokumbuka miaka yote hiyo ni kwamba nilitapika kwenye dau. Usinicheke. Au nicheke, nimeshazoea.

Pantheon ndiko nilikotaka kukufikisha, maana hapo ninaongea kama mwenye duka. Kiingilio nililipa euro 5. Hekalu hili alilimalizia mfalme Hadrian kwenye miaka ya 120, ingawa mbele limeandikwa Agrippa, kwa sababu Agrippa alijenga la kwanza pale na Hadrian akaliacha jina lake. Mbele kuna nguzo 16 za graniti kutoka Misri, kila moja ni jiwe zima la karibu mita 12. Ukipita mlango unainua kichwa na hutakishusha. Kuba la upana wa mita 43, na kutoka sakafuni hadi juu ni mita 43 hizohizo, kwamba mpira mkubwa ungeenea mle kamili.

Kuba lile halina nondo. Rudia kusoma. Zege tupu, karibu miaka 1,900, na mpaka leo hakuna kuba la zege lisilo na nondo lililolizidi ukubwa. Mimi nauza nondo, na kuna nyumba za wateja wangu zimepasuka kabla hawajamaliza kulipa deni. Nilisimama mle nikafanya hesabu za fundi. Chini, ukuta una unene wa mita 6. Juu, kwenye tundu, umebaki kama mita moja na kidogo. Chini wametia kokoto za mawe mazito, na kadiri unavyopanda mawe yanazidi kuwa mepesi, hadi juu kabisa wametumia lile jiwe la volkano lenye vitundu, lile tunalosugulia miguu. Kiungio ni chokaa ya akina babu, wameichanganya na majivu ya volkano. Mafundi wa kwetu wanachanganya zege moja chini mpaka juu, halafu wanasema nyumba imerogwa.

Katikati ya kuba kuna tundu la duara, la upana wa karibu mita 9, halijafunikwa na chochote. Mvua ikinyesha inaingia. Kuna wanaokwambia hewa ya ndani inaizuia, waongo. Siku yangu ilinyesha, nikaiona ikishuka kama uzi kutoka juu, inatua kwenye marumaru, na sakafu ina mwinuko mdogo katikati na matundu 22 ya kupitishia maji. Walinzi waliweka kamba tusiteleze. Watu waliondoka, mimi nikabaki kwenye benchi na koti lililolowa. Hiyo ndiyo saa moja bora kuliko zote nilizolipia katika maisha yangu, na ililipiwa euro tano. Kama ungekuwa na kibendera mbele yako ungeipata wapi? Kaa chini. Nasema tena, kaa chini. Hizo sehemu 19 zako hazina hata moja iliyoandikwa "kaa chini".

Trevi nitakwambia kwa kifupi, kwa sababu Mungu ana utani wake. Nimesubiri miaka minane nirudi nitupe sarafu yangu taratibu, nifike nisikie inavyolia majini. Nilifika, chemchemi haikuwa na maji. Walikuwa wanaikarabati, maandalizi ya Jubilei ya 2025, mwaka mtakatifu wa Wakatoliki, walikuwa wamejenga daraja la chuma juu ya bwawa, na mbele wameweka beseni dogo kama la kuogea watoto kwa ajili ya sarafu. Jiji zima lilikuwa limefunikwa maturubai. Nilitupa sarafu kwenye lile beseni, ikalia vizuri tu. Huwa zinakusanywa na kupewa Caritas, shirika la hisani la Kanisa Katoliki, zinasaidia maskini, kwa hiyo si hasara. Funzo hapa: angalia kabla ya kwenda nini kimefungwa. Na ukienda Novemba ujue jua linazama mapema, Colosseum mtu wa mwisho anaingia saa tisa na nusu alasiri. Lakini hakuna joto, foleni ni fupi, na hoteli inashuka bei.

Vatican nilipita asubuhi moja. Wanaume kwa wanawake waliovaa kaptula na vikwapa walikuwa wakirudishwa mlangoni, mabega na magoti lazima yafunikwe, na wachuuzi nje wanauza mitandio kwa bei ya kulipiza kisasi. Mimi na dera langu na ushungi nilipita kama mwenyeji. Wasomaji wangu Wakatoliki mtaniwia radhi kwa ufupi huu. Yupo msomaji mmoja, sista, aliyeishi kule miaka saba, nitamwomba aandike yeye. Mimi nilisimama uwanjani tu, nikawaza kwamba mwaka 1964 mashahidi 22 wa Uganda walitangazwa watakatifu hapa Vatican, vijana wa kutoka jirani tu na sisi.

Maji usinunue. Kila mtaa una bomba la chuma lenye pua, maji baridi yanatiririka usiku na mchana bure. Ziba pua kwa kidole, yataruka juu kupitia kitundu, unywe umesimama wima kama mtu mwenye heshima zake. Beba chupa.

Siku ya mwisho ndiyo ninayoulizwa zaidi, kwa sababu ya picha. Ukiondoka Colosseum ukielekea kusini kwa mguu, unapita tao la Constantine, unafika mahali panaitwa Porta Capena, mbele ya makao makuu ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Jengo lile lilikusudiwa kuwa wizara ya makoloni ya Italia ya Afrika. Mwaka 1937 majeshi ya Mussolini, mtawala wa Italia, yaliuchukua mnara wa jiwe kutoka Aksum, Ethiopia, mita 24, wakausimamisha pale kama mtu anavyotundika pembe za mnyama aliyemuua. Italia iliahidi kuurudisha mwaka 1947. Ikakaa nao.

Tarehe 10 Septemba 1960, usiku, mbio za marathoni za Olimpiki zilipita hapo. Mwanajeshi wa Ethiopia, Abebe Bikila, anakimbia peku. Barabara ya Appia ilikuwa imemulikwa na askari walioshika mienge. Alipoufikia ule mnara wa kwao uliotekwa, akaongeza mwendo, Mmoroko aliyekuwa naye akabaki nyuma, na Bikila akamaliza chini ya tao la Constantine kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 16, muda ambao hakuna aliyewahi kuupata kabla yake. Mnara wenyewe ulirudi Aksum mwaka 2005 kwa ndege, vipande vitatu, ukasimamishwa tena 2008.

Kwa hiyo nilikwenda kutazama mahali ambapo kitu hakipo. Magari yanazunguka, misonobari imesimama, mzee mmoja anamtembeza mbwa. Hakuna kibendera hata kimoja. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara mpaka taa za magari zikaanza kuwashwa, nikapiga picha moja tu, na si nzuri, imeinama kidogo.

Hiyo ndiyo niliyoichapisha kubwa nikaitundika sebuleni, pale ilipokuwa ile ya Colosseum. Idd iliyopita wifi alikuja na watoto. Akasimama mbele yake muda mrefu, mkono kiunoni, akasogea karibu, akarudi nyuma.

"Wifi," akasema, "hapa kuna nini?"

Nikamwambia avue viatu akae, nikaenda jikoni kuweka chai.